Isecheno ya Mama Febi

Kwenye mazishi ya Erasto nilicheka, na ni afadhali nijieleze mwenyewe kabla watu hawajanieleza. Mhubiri alikuwa amefika mahali pale ambapo wahubiri wote hufika, marehemu hana kosa hata moja na jua limepanda utosini, nami nilikuwa nimekaa karibu na Rasoa, mjukuu wa Erasto, ambaye ni daktari wa moyo. Rasoa hakuwa anasikiliza mahubiri. Alikuwa anatazama miguu yangu. "Nyanya," akaninong'oneza, "hiyo miguu imevimba tangu lini?" Nikamwambia imevimba tangu watu waanze kutengeneza viatu vidogo. Hakucheka. Akaniuliza kama nahema nikipanda ngazi, kama nalalia mto mmoja au miwili, kama nilipikia kuni miaka mingi, kisha akaniambia nije kliniki yake mjini anipime presha ya mapafu. Nikamuuliza kama ugonjwa huo bado uko. "Uko, Nyanya. Siku hizi tunaugawa makundi matano." Akaanza kunihesabia kwa vidole, chini ya leso yake ya msiba: kuna ya mishipa ya mapafu yenyewe, kuna inayotoka upande wa kushoto wa moyo, kuna ya mapafu yaliyoharibika, kuna ya damu iliyoganda, na kundi la tano ni la wale ambao hawana kwao. Hapo ndipo nilipocheka. Sisi wauguzi wa zamani tulikuwa na makundi mawili tu, la moshi na la mlango, na babu yake aliyelala pale kwenye sanduku alikuwa karibu atupotezee mtu kwa kukataa kwenda Isecheno. Rasoa aliniangalia kama mgonjwa wa kundi la tano. Nikamwambia tukishamzika babu yake nitamsimulia.

Mwaka wa mambo hayo, uhuru ukiwa mpya, nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja hapa Kakamega. Bendera mpya ilikuwa bado na rangi kali, na kila mtu mjini alikuwa na cheo kipya ambacho hajakizoea. Karani alikuwa amekuwa bwana ofisa, ofisa amekuwa mheshimiwa, na mpishi wa bweni letu, ambaye hakuna aliyempandisha, alijipandisha mwenyewe na kuacha kuchagua mawe kwenye maharagwe. Tulilala wasichana wengi chumba kimoja, dirisha halifungi, sare zetu zimening'inia kwenye kamba juu ya vitanda zikitudondokea maji. Tulipofulia nguo palikuwa na ukuta wa mabati, na upande wa pili wa mabati hayo ndipo palipokuwa jiko la Erasto na mke wake Febi. Erasto alikuwa msaidizi wa daktari, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Kwa sababu ya mabati hayo tulijua wanakula nini, wanagombania nini na nani ameshinda. Febi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na sauti yake ilizoea darasa zima. Alinipenda kwa sababu tulitoka upande mmoja, na kila Jumapili aliniita nikale kwake, ugali wetu laini, obusuma, na kuku wetu, ingokho, iliyopikwa ikapikika, na mimi nilikula kama mtu aliyetumwa na bweni zima.

Daktari wetu mkubwa alikuwa Mzungu mrefu aliyebaki wakati wenzake wanafunga masanduku. Watu walimwita Bwana Polepole, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza alilojifunza na hakuona sababu ya kuliongezea mengi. Mgonjwa akilia, polepole. Dereva akichelewa, polepole. Mama akijifungua, polepole, na huyo mama alimjibu vizuri. Mizinga ya vita ilikuwa imempasua ngoma za masikio. Alisikia sauti za kawaida, lakini zile nzito za chini kabisa, ambazo moyo mgonjwa huzitoa, hazikumfikia. Basi alimfundisha Erasto, akamfundisha na kumfundisha, mpaka masikio ya Erasto yakawa ndiyo masikio ya hospitali. Kwenye raundi Bwana Polepole alitazama, akagusa, akagongagonga mgongo, kisha akasema, "Erasto, sikia," na sote tukanyamaza, hata wagonjwa.

Huyo Mzungu ndiye aliyetufundisha presha ya mapafu. Alichora moyo ubaoni, ukatoka kama kiazi kitamu, akatuonyesha mishipa inayopeleka damu mapafuni. Alisema mishipa hiyo inatakiwa kuwa laini na presha yake ndogo. Presha ikipanda humo, upande wa kulia wa moyo unasukuma mpaka unachoka, mishipa ya shingo inatuna, miguu inavimba, na mtu anahema kwa kuinama tu kuokota kijiko. Kujua kwamba imepanda, alisema, si kazi ngumu: weka chombo cha kusikilizia juu, kushoto kwa mfupa wa katikati ya kifua, na utasikia mlio wa pili wa moyo unagonga kama mlango uliofungwa na mtu mwenye hasira. Kazi ni kujua kwa nini imepanda. Sababu zilikuwa nyingi, lakini yeye alizipanga makundi mawili kwa kuwa aliweza kufanya mambo mawili tu. Kama mapafu yameharibiwa na moshi wa jikoni au ugonjwa wa zamani, angetoa hewa ya mtungi, dawa, na pole. Kama mlango mmoja upande wa kushoto wa moyo umekazana na damu inarudi nyuma kuyajaza mapafu, basi Nairobi palikuwa na mpasuaji aliyeweza kuingiza kidole ndani ya moyo na kuupanua mlango huo. Ukimpeleka mtu wa moshi akapasuliwe, atakufia mezani. Ukimwacha mtu wa mlango alale hapa, atazama katika maji yake mwenyewe. Na cha kuwatofautisha kilikuwa ngurumo moja nzito, ndogo sana, inayosikika mahali pamoja tu: chini ya titi la kushoto, mgonjwa amelalia ubavu huo huo. Niliyaandika hayo yote bila kujua yatanifikisha wapi.

Mama Febi, aliyemzaa Febi, aliletwa wakati wa kupalilia mahindi, kwenye gari la maziwa kutoka Lugari, ambako yeye na mumewe walikuwa wamepata shamba katika lile lililokuwa la mlowezi wa Kizungu. Alikuwa mwanamke mwenye mifupa mikubwa na maneno machache makali, na sasa hata hayo machache aliyakata vipande akivuta pumzi. Kila mtu alilaumu jiko lake jipya, ambalo mumewe alilijenga haraka na kusahau dirisha. Yeye mwenyewe alisema ugonjwa wake ulianza kwenye magoti, utotoni, magoti na vifundo vikavimba na homa isiyoisha. "Mama, tunauliza kifua," wauguzi walimwambia. "Na mimi nawaambia magoti," akawajibu. Wakamwekea mto mwingine wakaenda zao.

Asubuhi ya raundi, Bwana Polepole aliingia wodi ya akina mama na Erasto nyuma yake, chombo shingoni. Sasa asiye wa kwetu inabidi aelezwe. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite, na hiyo ndiyo heshima. Wodini hapakuwa na mahindi. Erasto alipomwona mama mkwe wake amekaa kitandani na gauni la hospitali lililofunguka mgongoni, aliingia kwenye kabati la shuka akajifungia. Mama Febi naye alivuta blanketi akajifunika uso wote. Bwana Polepole alikuwa anamalizana na mgonjwa wa jirani. Alipogeuka akakuta mtu amefunikwa kuanzia kichwani, akavua miwani yake polepole.

"Amekufa?" akaniuliza kwa huzuni.

"Bado," likajibu blanketi.

Walimpiga picha ya kifua. Mashine yetu ilikuwa na kikohozi kuliko wagonjwa, na mpiga picha akamwambia Mama Febi asipumue. "Nimekuja hapa kwa sababu sipumui," akasema, "sasa mnaniambia nisipumue." Alihema palepale na picha ikatoka imefifia. Ilionyesha moyo mkubwa na mishipa ya mapafu iliyotuna, lakini sababu haikuonekana. "Erasto, sikia," akasema Bwana Polepole, halafu akaitwa chumba cha upasuaji na akaondoka bila kungoja. Erasto alinishika mkono akanivuta hadi kando ya kitanda huku ameupa ukuta uso. Akaniambia nishike kile kisahani cha chombo, nikiweke juu kabisa, karibu na shingo, palipo na heshima. Mipira ilikuwa mifupi. Ilibidi apinde mgongo kwa nyuma kama mtu anayepita chini ya uzio, macho amefumba, mama mkwe naye amefumba, na mimi katikati nikitafuta pa kutazama. Alisikia ule mlio wa pili unagonga kwa hasira. "Inatosha," akasema, akatoka karibu mbio. Bwana Polepole aliporudi aliambiwa presha ya mapafu iko juu na sababu ni moshi. Hivyo ndivyo Mama Febi alivyoingia kundi la moshi, kwa sababu ya adabu, akapewa kitanda cha dirishani na kuambiwa asipike.

Wiki iliyofuata alizidi. Alikohoa povu lenye rangi ya waridi kwenye bakuli nililokuwa nimeshika, na miguu yake ilikuwa mizito kama magunia yaliyolowa. Bwana Polepole alilitazama bakuli kwa muda. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza kwa makini: ugonjwa huu ulianza wapi? "Magoti," akasema Mama Febi, na safari hii Mzungu alikaa kitandani, maana homa ya magoti ya utotoni ndiyo hukaza ule mlango wa moyo. Kisha akatoka hadi barazani, nami nyuma yake na bakuli langu.

"Erasto. Wewe sikia chini?"

Erasto aliangalia sakafu.

"Wewe geuza yeye kushoto?"

"Daktari, yule ni mama mkwe wangu."

"Mimi najua. Wewe geuza?"

"Daktari, ukinifukuza kazi nitaelewa."

Bwana Polepole hakugomba. Alirudi ndani, akamwomba ruhusa yule mama, akasikiliza mwenyewe kwa muda mrefu huku amekunja uso, kisha akavua chombo masikioni. "Mimi sikii kitu," akasema. "Pengine hakuna. Pengine ni mimi." Msaidizi mwingine alikuwa ametumwa mbali kwenye chanjo na hatukujua atarudi lini. Na bila ile ngurumo Mzungu hakuweza kumpeleka Nairobi, maana asingemtuma mtu akapasuliwe kwa kubahatisha. Niliona Erasto amesimama barazani anajikunakuna shingo, na nilimwonea huruma, lakini nilimwonea zaidi yule aliyekuwa anahema ndani.

Jumapili ile nilikwenda kula kama kawaida. Febi hakuwa amesema neno tangu asubuhi, na sisi wa upande wa pili wa mabati tulijua hiyo si dalili nzuri. Aliweka obusuma mezani. Alileta kuku. Halafu alichukua kijiko, akaitafuta firigisi ndani ya sufuria, ile imondo ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba na haiulizwi, akaiweka kwenye sahani yangu. Erasto aliitazama. Mimi niliitazama. Nilikuwa msichana wa watu, sijawahi hata kuionja, na sasa ilikuwa pale mbele yangu inang'aa mafuta.

"Kula, Truphosa," akasema Febi. "Wewe ndiwe mwanamume uliyeko hapa."

"Febi," akasema Erasto.

"Mama yangu anakufa kitandani na wewe unaingia kwenye kabati."

"Unataka nimguse mama yako? Nimwone? Nitamtazama vipi tena? Baba yako atasema nini?"

"Baba yangu atasema mke wake yuko hai." Akakaa, na sauti yake ikashuka, na hiyo ilinitisha kuliko ile ya darasani. "Kama shida ni mkono, mkono wa Truphosa uko. Kama shida ni macho, pazia liko. Wewe ndiwe mkwe wake, Erasto. Masikio yako si mkwe wa mtu."

Erasto akanyoosha mkono, akaichukua firigisi kwenye sahani yangu, akaila, na Febi akampa supu. Kesho yake alikwenda stoo kutafuta mpira wa kurefusha chombo chake cha kusikilizia.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwomba Mama Febi. Nilimweleza kwamba kuna mpira mrefu, kwamba kutakuwa na pazia, kwamba yeye ataniona mimi tu. "Yeye atakuwa wapi?" Nyuma ya pazia, mama. "Ataona nini?" Hataona kitu. "Atasikia nini?" Moyo tu. Akafikiri. Nilidhani anafikiri juu ya heshima, kumbe ana hofu nyingine. Akanivuta karibu. "Wakati anaoa Febi mimi nilikataa," akasema. "Nilisema kijana huyu ni masikio tu. Moyo wangu unaweza kumwambia?" Nikamwapia kwamba moyo hausemi maneno. "Basi mwambie asikilize la ugonjwa," akasema, "mengine ayaache."

Siku ilipofika, wodi nzima ilijua. Erasto alikuwa ameunganisha mipira ya dripu kwenye mpira wa chombo chake mpaka ikapita chini ya pazia na kuzunguka mguu wa kitanda, na yeye akakaa upande wa pili kwenye kigoda, mgongo wake umeelekea kwetu ingawa pazia lilikuwepo. Bwana Polepole alisimama mwisho wa kitanda, mahali ambapo aliweza kuwaona wote wawili. Mfagizi aliambiwa aache kufagia. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mfanyabiashara wa Mumias, aliyekuwa anapona malaria na kukosa la kufanya. "Mnapiga simu wapi?" akauliza. Nikamwambia si simu. "Mkipata laini," akasema, "wasalimieni."

Nilianza pale juu, palipo na heshima. "Uko wapi, Sista?" ikauliza sauti ya Erasto nyuma ya pazia. Na hapo tukakwama sote. Mimi sikuweza kutamka mbele ya mkwe wa mtu jina la mahali nilipo, na yeye hakuweza kutamka jina la mahali anapotaka niende. Bwana Polepole akasema neno lake. Mimi nikatazama kile kifua kipana, mfupa wa katikati umenyooka kutoka juu hadi chini, na sijui nilitoa wapi akili hiyo, nikasema, "Niko Malava," yaani ule mji wa juu kwenye barabara kubwa ya kwetu.

"Sawa," akasema Erasto, na nikasikia ameshusha pumzi. "Malava pana kelele, napasikia. Sasa fuata barabara kubwa, shuka, kaa upande wa kushoto ukishuka. Umefika mjini?"

"Nimefika."

"Usiende mpaka Mukumu, hiyo ni mbali mno, ni tumboni. Ukitoka mjini pinda kushoto, uelekee msituni."

"Anamtuma wapi huyo mtoto?" akauliza Mama Febi.

"Isecheno, mama, kule msituni," nikamwambia.

"Kwangu mimi kuna Isecheno?"

Nilimsaidia kukaa na kulala, kukaa na kulala, ili moyo uende mbio kidogo, jinsi Bwana Polepole alivyotaka, na ilimchosha sana mpaka nikataka kuacha. Akakataa niache. Kisha nikamgeuza akalalia ubavu wa kushoto, uso kwenye ukuta, nikapitisha mkono chini ya gauni. "Nimefika msituni," nikasema. "Ingia ndani zaidi," akasema Erasto. "Umebonyeza mno, Sista. Wacha iguse kama nzi alivyotua." Alisikia kuku wa jikoni. Alisikia maji kwenye bomba. Alisikia pumzi yangu, akaniambia niipunguze, nikaizuia kabisa mpaka nikaona nyota. Ndipo Mama Febi, bila kugeuka, akaushika mkono wangu na kuusogeza kidogo kuelekea kwapani. "Hapa ndipo panaponipiga," akasema.

Yule mama wa Mumias alikuwa ameinuka kwa kiwiko. Bwana Polepole alikuwa amefumba macho kana kwamba na yeye anasikiliza.

"Iko," akasema Erasto.

"Iko?" akauliza Mzungu.

"Iko, Daktari. Nzito, chini kabisa. Kama lori linapanda kilima mbali." Na sauti yake ikavunjika pale kwenye kilima. "Si moshi, Daktari. Haikuwa moshi."

"Wamepatikana?" akauliza mama wa Mumias. Nikamwambia wamepatikana. "Alhamdulillahi," akasema, akalala.

Alipoelezwa ya Nairobi, Mama Febi alitaka kujua kuhusu hicho kidole. Kidole cha nani? Cha mpasuaji. Mpasuaji huyo ana undugu gani na sisi? Hana, mama, ni mtu wa mbali kabisa. Hakuoa kwetu? Hakuoa. "Basi akiweke," akasema. Akaenda. Sisi tukabaki na kungoja, na nitasema kweli kwamba sijapata kungoja kama kule. Febi alifundisha watoto hesabu zilezile siku baada ya siku. Erasto aliacha kupiga koti pasi. Jumapili tulikula, na firigisi ikabaki kwenye sufuria bila mwenyewe.

Mama Febi alirudi na kovu ubavuni na miguu myembamba ambayo hata mimi sikuitambua. Alikuwa ameshuka stendi na kupanda kilima hadi hospitali kwa miguu yake, akafika akilalamika juu ya chakula cha Nairobi kwa sentensi ndefu nzima bila kukata. Akakaa kitandani, akavuta pazia mwenyewe. "Mwite yule wa upande wa pili," akaniambia. Erasto akaja na mpira wake. Malava, mjini, msituni, nikapita njia yote na sikusikia kosa lolote kutoka nyuma ya pazia.

"Mbona amenyamaza?" akauliza Mama Febi. "Mwulize moyo unasema nini."

"Mwambie," akasema Erasto, na nilijua analia, "unasema kijana wa Febi ni mkwe mzuri."

"Mwongo huyo," akasema mama mkwe wake, akafurahi mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Hayo yote nilimsimulia Rasoa kwenye kliniki yake, nimelala nusu uchi, yeye akinipaka mafuta baridi na kupitisha mashine kifuani, na moyo wangu ukionekana kwenye kioo ukipepesuka kama mlevi. Kundi la pili, akaniambia, la upande wa kushoto, na dawa ziko. Nilimwonyesha kwa kidole mahali mashine ilipofika nikamwambia, hapo ni Isecheno, na akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono. Anaitwa Rasoa kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jina la Mama Febi. Hakuna aliyewahi kumwambia jinsi nyanya huyo alivyoondoka, kwa hiyo nilimwambia, na ninaandika hapa vilevile.

Kidole hupanua mlango, hakiufanyi mpya. Alipata miaka mingi mizuri, akavuna mahindi, akajengewa jiko lenye madirisha mawili, akaona wajukuu. Kila alipokuja kupimwa aliwakataa madaktari wapya na vyombo vyao vifupi, akavuta pazia na kutaka mpira mrefu. Erasto aliujua moyo huo kuliko mtu yeyote duniani, na hakuwahi kumpa mkono hata mara moja. Kisha mlango ukaanza kukazana tena, na umri wake haukuruhusu Nairobi. Siku yake ilikuwa ya mvua, mchana, upande wa msituni kumefunga mawingu. Febi alikuwa ameshika miguu ya mama yake. Daktari kijana alisimama tayari kuhakikisha kwamba moyo umesimama, na mimi, niliyekuwa mkuu wa wodi wakati huo, nilikuwa nimeshajua kwa kumtazama tu. Febi akamwambia yule kijana ampishe Erasto.

Nilivuta pazia. Hapakuwa na wa kumwonea haya tena, lakini nilivuta. Mpira ukapita chini, Erasto akakaa kwenye kigoda na mgongo wake ukaelekea kwetu.

"Nenda Malava, Sista."

Nikaenda.

"Shuka mjini."

Nikashuka.

"Sasa Isecheno."

Nilimgeuza polepole, nikaweka kisahani pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa amenionyesha. Mvua ilikuwa inapiga mabati na hakuna aliyeiambia inyamaze. Erasto alisikiliza kwa muda mrefu sana. Nilibonyeza mno, na kwa mara ya kwanza hakunikemea.

"Nenda tena, Sista," akasema. "Pengine hukufika."

Nilikuwa nimefika. Nikarudi Malava, nikaanza njia upya.